Makar Sankranti, Pongal, Lohri, Uttarayan: sikukuu moja au nne? Na mapishi yake

Msafiri wa Kisutu

Wakuu, nisaidieni. Katikati ya Januari majirani zetu Wahindu wana sikukuu, lakini kila mmoja anaitaja kwa jina lake. Mgujarati anasema Uttarayan, Mtamil anasema Pongal, Mpunjabi anasema Lohri, na kalenda ya ukutani imeandika Makar Sankranti.

Kwanza, ni sikukuu moja au ni nne zilizogongana tarehe? Na mbona hii inakaa palepale tarehe 14 wakati Diwali na Holi zinahamahama?

Pili, Januari ijayo nampeleka mgonjwa Chennai, kisha nitapita Ahmedabad. Tiketi bado sijakata. Niwe wapi siku gani, nini kinafungwa, na nichunge nini?

Tatu, mapishi. Wali wa pongal ukitiwa sukari guru, mchele unabaki na kiini. Vibonge vya ufuta vinakuwa mawe. Kosa liko wapi?

Jadi_na_Kausi

Tukio ni moja, la jua. Sherehe juu yake ndizo nyingi.

Diwali na Holi zinafuata mwezi: Diwali ni usiku ambao mwezi hauonekani kabisa, Holi ni mwezi mpevu. Ndiyo maana zinahama hata wiki tatu mwaka hadi mwaka. Sankranti inafuata jua. Ni siku ambayo jua, kwa hesabu ya Kihindi, linaingia buruji ya Makara, ile ambayo wanafalaki wa pwani wanaiita Jadi.

Si kweli kwamba haihami kabisa. Hesabu ya Kihindi inapima mwaka kwa nyota, na mwaka wa nyota unauzidi mwaka wa kalenda yetu kwa dakika 20 hivi. Dakika 20 za kila mwaka zinatimiza siku nzima baada ya miaka 72 hivi. Ushahidi mwepesi: Swami Vivekananda alizaliwa Kolkata siku ya Makar Sankranti, na tarehe yake ni 12 Januari 1863. Leo siku hiyohiyo inaangukia 14 au 15. Ukirudi nyuma karne 17 hivi, Sankranti ilikuwa inakutana na ile siku ya Desemba yenye usiku mrefu kuliko zote huko kaskazini. Watu bado wanasema jua linageukia kaskazini siku ya Sankranti, ingawa kwa macho limeshageuka wiki tatu kabla.

Kuhusu 14 au 15: jua halingoji saa sita usiku kubadilisha buruji. Mwaka 2024 liliingia Makara karibu saa 9 usiku kuamkia tarehe 15, kwa saa za India. Mwaka 2025 liliingia mnamo saa 3 asubuhi ya tarehe 14. Likiingia baada ya machweo, sehemu nyingi zinasogeza ibada hadi kesho yake, na wapiga hesabu hawakubaliani wote. Kwa hiyo usikate tiketi kwa kudhani. Tazama orodha ya sikukuu za serikali ya jimbo unalokwenda, kwa mwaka huohuo. Tamil Nadu walikuwa na Pongal tarehe 15 mwaka 2024 na tarehe 14 mwaka 2025. Gujarat wao wameshikilia 14 kama siku ya tiara, mjadala wa saa wanawaachia makuhani.

Majina na vyakula vinatofautiana kwa sababu kila eneo linasherehekea kile ambacho shamba lake linatoa Januari. Tamil Nadu mpunga ndio kwanza umevunwa, miwa imekomaa, manjano yanang'olewa mabichi. Maharashtra na Karnataka wana ufuta, karanga na sukari guru mpya. Bengal ni msimu wa kugema mitende. Punjab ngano bado kijani na baridi inauma, ndiyo maana Lohri ni moto kwanza, mengine baadaye. Gujarat ni majira ya baridi, makavu, anga safi, upepo wa kutosha: tiara.

chungu_cha_shaba

Najibu Pongal, mapishi na ratiba kwa pamoja, kwa sababu chungu chenyewe ndicho ibada.

Ni siku nne. Siku ya kwanza, Bhogi, ni ya kusafisha nyumba na kuchoma vitu chakavu alfajiri. Kwa mgonjwa hii ndiyo siku ya kuchunga. Watu wanachoma mikeka na magodoro, na wengine hutupia matairi na plastiki ingawa bodi ya mazingira inakataza kila mwaka. Moshi ukikutana na ukungu wa Januari, Chennai haionekani, na imeshatokea ndege kucheleweshwa kwa ajili hiyo. Mwenye pumu au aliyepasuliwa kifua afunge madirisha tangu usiku, asitoke kabla ya jua kupanda. Usikate ndege ya kutua Chennai alfajiri ya Bhogi.

Siku ya pili ni Thai Pongal yenyewe, tarehe mosi ya mwezi wa Kitamil uitwao Thai. Ya tatu ni Mattu Pongal, siku ya ng'ombe: wanaogeshwa, pembe zinapakwa rangi, shingoni shada la maua. Ya nne, Kaanum Pongal, ni ya kutembeleana, na ufuo wa Marina unajaa hadi barabara zinazouzunguka zinafungwa. Ofisi za serikali na benki hazifanyi kazi siku kadhaa. Hospitali kubwa wodi na dharura zinaendelea, lakini kliniki za kawaida nyingi zinapunguza au kufunga. Panga miadi ya daktari kabla ya Bhogi au baada ya Kaanum. Mabasi na treni za kutoka Chennai siku mbili kabla ya Bhogi hazina nafasi, mji mzima unarudi vijijini.

Sasa chungu. Kinawekwa uani au mlangoni, kikielekea mashariki, juu ya mchoro wa kolam uliochorwa kwa unga wa mchele. Shingoni kinafungwa mche mbichi wa manjano, majani na mizizi yake, na mara nyingi tangawizi pia. Pembeni miwa imesimamishwa. Ndani yanaanza maziwa na maji tu, mchele bado. Wanasubiri yachemke mpaka yamwagike ukingoni, hapo ndipo watu wanapaza sauti "Pongalo Pongal!" na kila mmoja anatia konzi ya mchele. Yasipomwagika, sikukuu imepooza. Na sababu yake ni moja tu: chungu kikubwa, maziwa kidogo. Jaza mpaka shingoni. Wenyewe wanatumia maji ya kuoshea mchele, yale ya mara ya pili, kwa kuwa yana wanga na povu lake linapanda upesi. Kwenye jiko la gesi chukua sufuria ndogo ya lita moja na nusu, moto mkali, usifunike.

Vipimo vya pongal tamu, watu wanne hadi watano:

Mchele kikombe 1. Choroko zilizokobolewa na kupasuliwa robo kikombe. Maji vikombe 4 na maziwa kikombe 1. Sukari guru iliyopondwa kikombe 1 na nusu. Anayependa tamu kabisa, 2. Samli theluthi moja ya kikombe. Korosho 12 hivi, zabibu kavu kijiko 1 kikubwa, iliki 4 za kutwanga.

Kaanga choroko kavu kavu mpaka zinukie, zisibadilike rangi sana. Baada ya kumwagika kwa maziwa, punguza kimiminika kidogo kwa kata ukiweke kando, tia mchele na choroko, moto mdogo, uwe unarudishia kile ulichotoa. Pika mpaka punje ikibonyezwa kwa vidole inapondeka yote. Hapo tu ndipo sukari guru inaingia.

Swali lako la kiini jibu lake ndilo hilo. Sukari inavuta maji, na punje iliyozungukwa na sukari hailainiki tena hata ukiipika mpaka jioni. Mchele uwe umeiva kupita kiasi kabla ya guru. Usiitie guru kavu pia: iyeyushe kwa nusu kikombe cha maji, ichuje kwa kitambaa, maana karibu kila tofali lina mchanga na vipande vya ganda la muwa. Ichemshe dakika tatu au nne, ndipo umimine. Maziwa yakikatika, maana yake ulimimina kwenye chungu kinachotokota. Epua, subiri dakika tano, mimina ukikoroga, rudisha kwenye moto mdogo.

Basmati usiitumie, punje zake zinajitenga na pongal inatakiwa ishikamane. Mchele mpya wa Kyela au wa Mbeya unafaa sana. Korosho na zabibu kaanga kwa samli mwishoni, umimine na samli yake yote. Ukiona pongal inang'aa pembeni samli imetosha.

Ya chumvi haina guru kabisa: mchele na choroko vilevile, kisha samli iliyokaangiwa pilipili manga nzima, jira, tangawizi na mvuje kidogo. Hiyo utaikuta hotelini mwaka mzima, si ya sikukuu peke yake.

Msafiri wa Kisutu

Asante sana mkuu. Ile michezo ya fahali inayoonyeshwa kwenye televisheni ni siku ipi? Iko Chennai?

chungu_cha_shaba

Hapana, Madurai, zaidi ya kilomita 400 kusini. Mtiririko unajulikana: siku ya Pongal ni Avaniyapuram, Mattu Pongal ni Palamedu, siku inayofuata Alanganallur, ambako ndiko kukubwa. Mchezaji anatakiwa ashikilie nundu ya fahali kwa umbali uliowekwa au miruko mitatu, bila silaha. Mahakama ya Juu ya India iliupiga marufuku Mei 2014. Januari 2017 vijana walikaa Marina siku kadhaa kuupinga uamuzi huo, jimbo likabadilisha sheria, na Mei 2023 mahakama ikaikubali sheria hiyo. Watu wanaumia na kufa kila mwaka, watazamaji wakiwemo, hasa wanaosimama pale fahali anapotokea na kutafuta njia ya kukimbilia. Mwenye mgonjwa Chennai hana kazi huko.

Uzi_na_Mwanzi

Ahmedabad nakujibu mimi, na naanza na tiketi. Ukikaa Chennai mpaka Kaanum halafu ndipo uende Ahmedabad, utafika mji umejaa mabaki ya uzi kwenye nyaya na miti, sikukuu imekwisha. Uttarayan ni tarehe 14, na tarehe 15 wanaiendeleza, wanaiita Vasi Uttarayan. Zote mbili ni mapumziko jimboni. Huwezi kuzipata Pongal na Uttarayan kamili kwa safari moja, chagua. Lipo pia tamasha la kimataifa la tiara kando ya mto Sabarmati, lilianza 1989, linaanza siku kadhaa kabla ya tarehe 14. Ila pale ni maonyesho ya tiara kubwa za wageni. Uttarayan yenyewe iko juu ya mapaa ya mji mkongwe, vichochoroni mwa pol, yaani mitaa ya zamani iliyobanana, za Khadia na Raipur, ambako familia nyingine hukodisha paa kwa siku.

Tiara ya Ahmedabad haina mkia. Ni karatasi nyembamba yenye umbo la almasi, ufito mmoja wa mwanzi wa kusimama na mwingine uliopindwa kama upinde. Kwa kuwa haina mkia, haitulii yenyewe, inageuka kila uzi ukilegea na inakwenda mbio kule kichwa kilikoelekea uzi ukivutwa. Ustadi wote uko hapo.

Hatamu inafungwa hivi. Toboa matundu mawili pale fito zinapokatana, moja kila upande wa ufito wa kusimama, na mawili mengine chini, vidole vinne hivi juu ya ncha ya chini. Pitisha uzi wa pamba usio na vioo, funga juu na chini, kisha unganisha miguu miwili kwa fundo moja. Upepo wa wastani, miguu iwe sawa. Upepo mkali, mguu wa juu uwe mfupi kidogo ili kichwa kiinamie kwako na upepo upite. Upepo hafifu, mguu wa chini ndio uwe mfupi. Tiara ikizunguka tu upande mmoja, si hatamu hiyo, upinde hauko sawa: sugua ubavu mgumu kichwani mwako mpaka ulegee, au bandika kipande cha karatasi upande unaopepea sana. Kamwe usifunge hatamu kwa uzi wa vioo, utajikata wenyewe kwenye fundo.

Uzi wa kukatia ni pamba iliyopakwa uji wa mchele, unga wa vioo na rangi. Mafundi wanafunga uzi kati ya nguzo kando ya barabara, wanatembea nao wakiupaka kwa mkono uliofungwa vitambaa. Tabaka la kwanza likikauka, la pili linafuata, kisha unakunjwa kwenye kibiringo. Ukisuguliwa mbichi vioo vinatoka vyote. Ukipakwa uji mzito unakakamaa na kukatika penye kona. Uzi unaouziwa mtaani unaweza kuwa na moja ya kasoro hizo. Upitishe polepole juu ya ukucha: ukikwaruza sawasawa ni mzuri, ukikwaruza penye vidonge vidonge uache.

Kukata kuna njia mbili. Ama unaachia uzi mbiombio ili ule wako uteleze juu ya wa mwenzako, ama unavuta kwa nguvu. Wenye paa refu na upepo mzuri wanaachia; wenye mahali padogo wanavuta. Anayesita katikati ndiye anayekatwa, na paa zima la jirani litamwambia "Kai po che!", yaani nimekata!

Sasa hatari. Uzi wa nailoni, ule wanaouita wa Kichina ingawa mwingi unatengenezwa India, ulipigwa marufuku nchi nzima mwaka 2017, lakini bado unauzwa kwa siri. Haukatiki. Ukining'inia barabarani kwa urefu wa shingo, mwendesha pikipiki hauoni. Kuanzia wiki moja kabla ya tarehe 14 mpaka siku mbili baada ya hapo usipande pikipiki wala skuta Ahmedabad. Panda teksi au bajaji, na kwenye bajaji kaa katikati. Ukilazimika, funga skafu nene shingoni hadi kidevuni na uhakikishe pikipiki ina ule waya uliopindwa mbele ya usukani. Madaraja ya juu ndiyo mabaya zaidi. Gari la wagonjwa ni 108.

Ndege wanaumia sana alfajiri na magharibi, wanapotoka na kurudi kulala, hivyo serikali inaomba tiara zisirushwe saa hizo. Ukikuta ndege amenaswa, usivute uzi. Mfunike kwa kitambaa, mweke kwenye boksi lenye matundu, usimpe maji mdomoni, piga 1962.

Kingine ambacho wageni wengi hawakijui: sehemu kubwa ya tiara hizi za sikukuu ya Kihindu zinatengenezwa na mafundi Waislamu wa Jamalpur, wake kwa waume, kazi ya mwaka mzima.

SamliKijikoKimoja

Vibonge vya ufuta, Msafiri. Hivi ni vya Maharashtra, na tatizo lako liko kwenye kipimo cha shira.

Ufuta mweupe gramu 250, karanga zilizokaangwa na kumenywa gramu 100 za kupondaponda, sukari guru gramu 200 hadi 225, samli kijiko kikubwa 1, iliki.

Kaanga ufuta moto mdogo mpaka uanze kuruka na rangi ianze tu kugeuka. Ukifika kahawia umeshachelewa, uchungu wake hautoki. Utoe kwenye kikaango mara moja, chuma cha moto kinaendelea kuupika. Yeyusha guru na samli na vijiko viwili vya maji. Ikianza kutoa povu, kila nusu dakika dondosha tone kwenye bakuli la maji baridi. Likisambaa, bado. Likikusanyika na kuwa kidonge laini kinachobonyea, zima papo hapo. Likigonga bakuli kwa sauti na kuvunjika, umefika kwenye kashata, si kibonge tena. Kati ya hatua hizo mbili kuna dakika moja au mbili, na hapo ndipo mawe yako yanapotengenezwa. Ukipitiliza usiitupe: mimina yote juu ya ubao uliopakwa samli, isukume na mwiko mpaka iwe nyembamba, ikate ikiwa moto. Hiyo ndiyo chikki, nayo ni ya sikukuu hiihii.

Mengine yanategemea guru yenyewe. Guru ngumu ya manjano inashika haraka; ile laini nyeusi ina maji mengi, vibonge vinanata na kulala. Ukipata laini, ongeza ufuta gramu 30. Viringisha ikiwa ya moto kadiri mkono unavyoweza kuvumilia, viganja vikiwa na samli au maji. Ikikauka kabla hujamaliza, rudisha sufuria juu ya moto mdogo kwa sekunde 20. Watu wawili wafanye kazi hii, mmoja peke yake mara zote anamalizia makombo.

Vibonge hivi vinagawanywa kwa maneno ya Kimarathi yanayomtaka mpokeaji ale tamu na aseme tamu. Wanawake walioolewa wanaalikana kupakana manjano na kunku, ule unga mwekundu wa kipajini, na kupeana zawadi ndogo ya nyumbani, na mialiko inaendelea hadi Rathasaptami, sikukuu nyingine ya jua inayofuata baadaye, si siku moja. Nguo nyeusi, ambayo siku nyingine za ibada haipendwi, siku hii ndiyo inayovaliwa. Bibi harusi wa mwaka wa kwanza na mtoto mchanga wanavalishwa mapambo ya vidonge vya sukari vilivyotungwa kwa uzi. Mwambieni mpiga picha awahi, mtoto anayala.

Karnataka hawaviringishi kitu. Wanachanganya vikavu vitupu: karanga, dengu za kukaanga, mbata iliyokatwa vipande vidogo na guru iliyokatwa hivyohivyo, kikombe kimoja kimoja, na ufuta robo hadi nusu kikombe. Kosa ni kukata mbata siku hiyohiyo. Ikatwe mapema ianikwe siku mbili tatu pamoja na guru, la sivyo mchanganyiko unaota unyevu mtungini na karanga zinalainika.

Bibi_Mgema

Mmeruka mashariki yote, na kwangu ndiko kwenye chakula kizuri kuliko huko mlikotaja.

Bengal wanaiita Poush Sankranti na kila kitu kinazunguka guru ya mtende, nolen gur. Ni aina ya mtende wa mwituni. Wanaugema jioni, chungu kinakaa usiku, kinashushwa kabla ya jua. Hilo la jua si mila tu: kukipambazuka utomvu unaanza kuchacha, na wagema wa mnazi hapa kwetu hawahitaji kuelezwa. Ukichacha hautengenezi guru nzuri tena. Ukipewa guru ya majimaji chupani, iweke kwenye friji, inakuwa na povu na uchachu mapema.

Chapati zake, patishapta: unga wa mchele kikombe 1, unga wa ngano nusu, semolina robo, maziwa kiasi cha kupata uji mwepesi kuliko wa chapati za maji. Uache nusu saa, semolina inywe. Kujaza: nazi 1 iliyokunwa ipikwe na guru robo kilo mpaka iache sufuria. Kikaango kiwe cha uvuguvugu, moto ukizidi uji unashika kabla hujautandaza. Ikichanika ukiikunja, ongeza unga wa ngano kijiko kimoja; mchele peke yake haujishiki. Siku hiyo pia mahujaji wanajaa kisiwa cha Sagar, pale Ganga inapoingia baharini, kuoga.

Assam ni Magh Bihu. Usiku wa kuamkia ni Uruka, wanakula pamoja kwenye kibanda cha majani kilichojengwa shambani, alfajiri wanakichoma. Til pitha yao inatumia mchele wa kunata uliolowekwa, ukatwangwa ungali mbichi. Unga ukikauka hautafanya kitu: unatandazwa kwenye kikaango kikavu na unyevu wake wenyewe ndio unaoushikanisha.

Bihar ni mtindi na mchele wa kupondwa, pepeta kabisa, na sukari guru, pamoja na tilkut, kitamu cha ufuta, ya Gaya. Uttar Pradesh wanaiita Khichdi kwa jina la chakula chenyewe, na kwenye hekalu la Gorakhnath mjini Gorakhpur wanatoa mchele na dengu kama sadaka. Prayagraj ni kuoga mtoni; mwaka 2025, Kumbh, ile hija kubwa ya kuoga mtoni, ilipokuwa huko, siku ya Makar Sankranti ilikuwa moja ya siku kuu za kuoga.

Jadi_na_Kausi

Naongezea Punjab kwa ufupi kwa kuwa imo kwenye swali. Lohri ni jioni ya kuamkia Sankranti, kwa kawaida 13 Januari. Moto unawashwa, wanauzunguka, wanatupia ufuta, karanga, bisi na pipi za guru. Nyumba yenye bibi harusi mpya au mtoto mchanga ndiyo inayobeba gharama. Kesho yake ni Maghi, na hapo Masingasinga wanakusanyika Muktsar kuwakumbuka wale 40 waliokufa vitani 1705. Kwa hiyo usiihesabu Lohri kuwa ya Wahindu peke yao.

Andhra Pradesh nao wana moto wao wa Bhogi, na watoto wanamwagiwa kunazi, maua na sarafu kichwani kuwakinga na kijicho. Siku ya Kanuma, ya tatu kwao, nyama inaliwa nyumba nyingi. Atakayekuambia sikukuu hii ni ya wala majani, muulize anazungumzia jimbo gani.

Msafiri wa Kisutu

Nimeelewa. Kwa kuwa mgonjwa ndiye wa kwanza, nabaki Chennai. Ila swali moja kwa Uzi_na_Mwanzi: undhiyu, ule mseto wa mboga wa Uttarayan, inawezekana kupikwa Dar?

Uzi_na_Mwanzi

Inawezekana, vitu vyote vipo. Maganda machanga ya fiwi nusu kilo, kiazi kikuu cha zambarau robo, viazi vitamu robo, bilinganya ndogo 6, ndizi mbichi 2, na vidonge vya kukaanga vya unga wa dengu na majani ya uwatu. Kitoweo cha kijani ni nazi ya kukuna, giligilani, majani ya kitunguu saumu, tangawizi na pilipili mbichi, chumvi na sukari kidogo. Pasua bilinganya na ndizi msalaba bila kuzitenganisha, uzijaze.

Mafuta robo tatu ya kikombe, usiyapunguze. Fiwi kwanza, na ajwani na soda chembe tu ili zibaki kijani. Soda ikizidi zinakuwa uji. Baada ya dakika 10 viazi, juu yake bilinganya na ndizi, maji nusu kikombe, funika. Vidonge vya uwatu viingie dakika 10 za mwisho, kabla ya hapo vitanyonya maji yote. Usikoroge hata mara moja, shika sufuria kwa masikio yake uitikise. Inaliwa na jalebi moto, wenyewe wanavila pamoja.